Sumu ya Sanduku la Nne

Hospitalini, tarehe 3 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Mimi mzima, na mama mzima ila goti. Dada yako unamjua kuliko mimi. Daktari amempa mkongojo, naye anautumia kufukuzia paka na kusukumia dirisha, kutembelea hataki. Anakusalimu, na anauliza kama bado unavaa lile koti la kijivu. Nimemwambia sijui, ili nisimtie huzuni.

Naandika barua kwa sababu ukiwa kazini simu hairuhusiwi kuingia nyumba ya nyoka, na ukiwa nyumbani unaongea kwenye simu kana kwamba mimi niko ng'ambo ya mto. Anayekuletea hii ni dereva wa sanduku la baridi, yule anayetuletea vichupa vya dawa kila mwezi. Nimemwambia akukabidhi mkononi.

Dawa yenu mpya imeanza kazi huku. Tumeagizwa kila anayeumwa na Msumeno, huyu nyoka mdogo wa mchangani anayesugua magamba yake mpaka yakalia, apewe hiyo na si ile ya zamani. Tunampima, tunaandika kila kitu, na baada ya miezi sita itaamuliwa kama ipelekwe kwenye zahanati zote. Nilifurahi, tena nilijigamba. Niliwaambia wauguzi wenzangu kwamba sumu iliyotumika kuipima dawa hii imekamuliwa na mjomba wangu kwa mikono yake. Wakaniheshimu asubuhi nzima, mchana wakaniachia kuosha vyombo kama kawaida.

Sasa nikuulize. Unajua tunavyopima: nachota damu ya mgonjwa, naitia kwenye tyubu kavu ya kioo, naiacha dakika ishirini bila kuigusa, kisha naiinamisha. Damu nzuri inakuwa imeganda, haisogei. Damu yenye sumu inatiririka. Karatasi ya dawa inasema vichupa vitatu vinatosha, na kwamba baada ya saa sita damu itaganda. Mgonjwa wangu wa kwanza alimaliza vichupa saba, wa pili tisa. Wamepona, lakini kwa kuburutana. Huko kwenu panya mliowajaribia walikuwaje? Pengine kuna kitu nakosea mimi.

Mpwa wako.

*

Nyumba ya nyoka, tarehe 2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba mara mbili, moja ya leo na moja ya miezi yote uliyonisahau. Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako ameanza kujifunza kuendesha gari, na mwalimu wake ameomba likizo. Mwambie dada yangu koti ninalo, liko imara kuliko goti lake.

Dawa usiwe na shaka nayo. Miaka thelathini na mmoja niko na hawa viumbe, nimeumwa mara mbili, na kidole changu kimoja kimepinda mpaka leo, kwa hiyo nisikilize. Nilimkamua Msumeno mmoja mmoja, namshika nyuma ya taya, namng'atisha utando wa mpira juu ya glasi, tone la manjano linadondoka. Sumu hiyo ikachanganywa na dawa, wakachomwa panya ishirini. Kesho yake kumi na tisa walikuwa wanakula na kupigana. Mkuu wa maabara alinipa mkono mbele za watu, na si mtu wa kutoa mkono ovyo.

Nikikosoa, nitakosoa huko kwenu. Unapochanganya unga wa dawa na maji, usitikise. Zungusha taratibu, ikitoa povu umeiharibu. Na watu wenu nawajua, mtu anaumwa asubuhi anajiuguza nyumbani mpaka jioni. Mwisho wa yote, Msumeno ni Msumeno, awe wa huko au wa kwingine.

Kula vizuri. Picha uliyotuma umekonda.

Mjomba wako.

*

Hospitalini, tarehe 4 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama anaendelea vizuri. Mkongojo sasa umefungwa kamba, unaanikia nguo. Mpongeze mkaza mjomba, mwambie asimwonee huruma mwalimu.

Sitikisi dawa, mjomba. Sijawahi kutikisa.

Tarehe 19 Machi, saa nne asubuhi, alikuja fundi cherehani. Duka lake liko mtaa wa pili kutoka hapa. Alikuwa anavuta jora la kitambaa chini ya meza, akaumwa mkono wa kulia. Alifika kwa miguu dakika ishirini na tano baadaye, amejifunga kipande cha bitana, na nyoka mwenyewe amemleta, amekufa, ndani ya kopo la vifungo. Nilimwangalia. Msumeno.

Nikampa vichupa vitatu. Damu ikatiririka. Vikafika sita, ikatiririka. Fizi zake zilianza kuvuja, naye akawa anaomba radhi kwa kuchafua shuka na kuniuliza sabuni iko wapi. Vikafika kumi na mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa akiba yote ya mwezi. Nikainamisha tyubu, damu ikaenda upande ule kama maji.

Kwenye kabati kulikuwa na vichupa viwili vya dawa ya zamani. Daktari wa jaribio, anayesimamia kupimwa kwa dawa yenu mpya, alikuwa ameshavifunga kwa utepe wa lakiri, virudishwe, visiguswe. Niliukata utepe kwa mkasi wa bandeji nikampa vyote viwili. Baada ya saa sita damu iliganda. Nilikaa sakafuni nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Yuko hai. Ila vidole viwili vilikuwa vimeshakufa, vimekatwa. Mkono wa kulia, mjomba. Mkono wa mkasi.

Juzi daktari wa jaribio amekuja na fomu yake. Kuna sehemu imeandikwa "sababu ya kutopona kwa wakati", naye ameshaijaza kwa penseli: mgonjwa alichelewa kufika. Anataka nipitishie wino juu yake na kusaini. Nilimwambia, "Dakika ishirini na tano. Ikiwa huyu alichelewa, niambie aliyewahi ni nani." Akasema mimi ni muuguzi, si mtafiti. Nikamwambia ndiyo maana najua kusoma saa. Fomu nimeikunja nimeiweka mfukoni, sisaini.

Sasa jibu langu nalitaka kwako. Nilipokuja kuwatembelea ulinionyesha sanduku la nne, ukasema, hawa wanne ni wa kwenu, wamekamatwa huko huko, na sumu yao si sawa na ya Misumeno wa kwingine. Wako hai? Na sumu iliyopimiwa dawa hii ni ya kwao?

Mpwa wako.

*

Nyumba ya nyoka, tarehe 3 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Hatujambo. Mvua imekuwa kubwa na bati la upande wa jikoni limeachia. Nimepanda mwenyewe kuligongomea, mkaza mjomba wako amenishikia ngazi huku akinisomea sheria za barabarani, kwani mtihani wake ni wiki ijayo. Bati la chumbani nalo linahitaji kubadilishwa, lakini nimeona tusubiri jua, maana misumari ya siku hizi haishiki.

Mpe pole huyo fundi.

Hayo unayouliza ni mambo ya ofisi na yana njia zake. Unaweza kumwandikia mkuu wa maabara. Mimi nakushauri kama mzazi. Hiyo fomu ni karatasi moja tu, isaini. Wewe bado kijana, una mama wa kumtunza, na wakubwa hawasahau. Kukata utepe ulikata, fundi amepona, inatosha.

Salamu kwa dada yangu.

Mjomba wako.

*

Hospitalini, tarehe 6 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo nimeiandika kwa sababu mama amesimama nyuma yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu, nikakuta mabati na misumari. Sijawahi kukuona ukinipiga chenga. Umenilea nusu ya utoto wangu, ulikuwa unanichapa nikidanganya hata kuhusu kunawa miguu, na leo unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na kuniambia niwe mtoto mzuri nisaini.

Wiki iliyopita amekufa mchimba visima. Aliletwa na wenzake wakiwa bado na udongo mwilini, hata saa moja haikupita tangu aumwe. Alipewa vichupa kumi na moja vya dawa yenu. Dawa ya zamani haikuwepo, wamekataza isiletwe tena tangu nikate ule utepe, ili nisirudie. Mke wake aliniuliza kama nilifanya kila nililoweza, nikamjibu ndiyo.

Nimeletewa barua ya mashtaka. Nimevunja masharti ya jaribio, nimekataa maagizo, nimeharibu takwimu. Tarehe 15 Julai nifike mbele ya kamati huko kwenu mjini nijieleze. Daktari wa jaribio ameniambia kwa upole kabisa kwamba nikisaini fomu mbili, ya fundi na ya mchimba visima, barua hiyo itapotea. Nimemwambia aihifadhi vizuri isije ikapotea kweli, kwa sababu nitaihitaji.

Sisaini. Wanifukuze kazi. Nitauza vitumbua, nitafua nguo za watu, lakini sitaandika kwamba yule mtu alichelewa. Nikiandika, mwezi ujao dawa hii inapelekwa kila zahanati, na kila atakayekufa ataambiwa kosa ni lake.

Mkuu wa maabara sina haja naye. Nakuuliza wewe. Waliokamuliwa ni nyoka gani? Usiponijibu safari hii, nitakuwa nimejibiwa, na usiniandikie tena.

*

Nyumbani, tarehe 2 Julai

Mpwa wangu,

Salamu yako ya safari iliyopita siistahili, kwa hiyo siijibu.

Nyoka wa kwenu walikufa wote wanne. Ilikuwa mwaka juzi, msimu wa baridi. Waligoma kula, wawili wakafa wiki moja, wengine wakafuata. Niliandika vifo vyao kwenye daftari kama inavyotakiwa. Sanduku la nne ndilo liko karibu na kipasha joto, likawa tupu, na nilikuwa na Misumeno wengine, wa mbali kabisa na kwenu, waliokuwa wamelegea kwa baridi. Niliwaonea huruma nikawahamishia humo. Kadi ya mlangoni sikuibadilisha. Nilisema nitaibadilisha kesho.

Desturi yetu tangu nianze kazi ni kunakili kibandiko cha sumu kutoka kwenye kadi ya sanduku. Nyoka ukimtazama usoni hutajua kwao ni wapi, kadi ndiyo inayosema. Siku ya kukamua kwa ajili ya dawa hii, mimi nilishika nyoka, mwenzangu akasoma kadi, akaandika jina la kwenu. Sumu ikaenda kwa panya. Kwa hiyo dawa ilishinda, lakini ilishinda sumu ya nyoka wengine.

Nilikumbuka siku ya tatu, niko nyumbani navua viatu. Wakati huo matokeo yalikuwa yameshasomwa na nimeshapewa mkono. Ningeweza kusema. Nikajiambia Msumeno ni Msumeno, na wewe nikakuandikia maneno hayo hayo. Nikakuambia watu wenu wanachelewa. Nikakuambia usaini. Hilo la mwisho ndilo linalonitia aibu kuliko yote, kwa sababu wakati naliandika nilikuwa najua.

Tangu barua yako ya Juni nimeshindwa kula mezani na mke wangu. Alinihoji siku tatu, ya nne nikamwambia. Hakunifokea. Alisema tu, "Basi vaa viatu."

Nilikwenda kwa mkuu wa maabara nikamweleza. Akafunga mlango, akaniambia nimebakiza miezi saba nistaafu, nifumbe mdomo nikapumzike kwa heshima. Mpwa wangu, mimi si jasiri. Nimezoea kushika shingo za nyoka, za wakubwa sijawahi. Lakini aliposema neno heshima niliona nachekwa. Nikamwekea funguo zangu mezani, nikamwambia atafute mwingine wa kufumba mdomo, wangu nimeufumba zaidi ya mwaka na mtu amekufa. Akaniambia nitajuta. Nikamwambia nimeshaanza zamani.

Ndani ya bahasha hii kuna ukurasa wa daftari la vifo vya nyoka. Una tarehe, namba ya sanduku na saini yangu, na tarehe hizo ni za miezi minne kabla ya siku ya kukamua. Nimeuchana kabla ya kurudisha funguo. Ni kosa, najua, na halinisumbui hata kidogo. Kuna pia maelezo yangu kurasa mbili, nimeyasaini mbele ya wakili. Tarehe 15 nitakuwa mlangoni kwa kamati nikusubiri, na nitasema yote kwa mdomo wangu.

Mjomba wako.

*

Hospitalini, tarehe 5 Julai

Mjomba, shikamoo.

Ipokee.

Dereva anasubiri na injini inanguruma, kwa hiyo sina nafasi ya mengi. Kurasa zako nimezisoma, nimewapigia simu wanakamati kuwaambia ninazo, na nakala nimeacha sehemu mbili. Yatosha. Kwenye kamati usije, nitasimama mwenyewe. Wakitaka kunifukuza wanifukuze wakiwa wameshazisikia zikisomwa kwa sauti.

Wewe njoo huku. Kamati haikukatwa vidole. Duka la fundi cherehani lina mlango wa bluu, yupo kila siku kuanzia saa mbili. Utamwambia mwenyewe, umesimama mbele yake, kama ulivyoniambia mimi. Sitamwambia kwa niaba yako na mama pia nimemkataza. Kwa mke wa mchimba visima tutakwenda pamoja nikirudi.

Usiniulize kama nimekusamehe. Nina hasira na wewe ambayo sijui nitaiweka wapi, na pia nimejivunia zile funguo, na yote mawili yamenikaa kifuani kwa pamoja.

Ufunguo wa nyumba yangu anao mama. Mimi nitalala kwenu, mwambie mkaza mjomba asije kunipokea na gari.

Mpwa wako.

*

Nyumbani kwako, tarehe 18 Julai

Mpwa wangu, marahaba.

Naandika juu ya meza yako, ambayo mguu mmoja ni mfupi, nimeuwekea kipande cha ubao. Dada yangu amenipokea kwa maneno makali siku mbili, ya tatu akanipikia. Koti amelificha.

Yako nimeyasikia kwenye simu: jaribio limesimamishwa, dawa ya zamani inarudishwa, daktari wa jaribio ameomba muda. Wewe umepewa barua ya onyo kwa kukata utepe, na umekataa kuipokea mpaka waandike ndani yake kwamba mgonjwa alipona. Mkaza mjomba wako anasema mzee mmoja wa kamati alificha kicheko kwa faili. Nimesikia pia kwamba panya wapimwe upya, safari hii kwa sumu ya nyoka wa huku, na kwamba nyoka hao maabara haina hata mmoja. Hayo tuliongea. Hili la fundi lilinishinda kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Siku ya kwanza niliupita mlango wa bluu mara mbili nikarudi. Jana niliingia. Alikuwa peke yake, anakata gauni, mkasi ameushika kwa mkono wa kushoto. Mkasi wenyewe unamkatalia. Kitambaa kilikuwa kinakwenda mshazari, anakinyoosha, anaanza tena. Aliniuliza kama naleta suruali. Nikamwambia mimi ni nani.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama ulivyotaka: sanduku, kadi, panya, kunyamaza kwangu. Mchimba visima pia nilimtaja. Sikujitetea kwa baridi wala kwa desturi ya kazi. Nilimwambia, "Mkono wako ni kosa langu, na nimelijua kwa zaidi ya mwaka." Hakuacha kukata. Nilikuwa nimejiandaa anitukane, au anirushie hata huo mkasi, na ningeukubali. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, na huo ndio niliouogopa zaidi.

Alipofika mwisho wa kitambaa aliweka mkasi chini, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Hao nyoka wa huku," akasema, "umeshapata wengine?"

Nikamwambia bado.

"Na nani mwingine anayejua kuwashika?"

Nikamwambia huku, nijuavyo, hakuna.

Akauchukua tena mkasi. "Basi umesimama dukani kwangu unafanya nini?"

Mjomba wako.